Sura ya Sita: Kapu la Kijana wa Bodaboda

Saa moja unusu asubuhi, ukungu bado umelala juu ya bonde la Mto Gucha, na stendi ya Ogembo ndiyo kwanza inaamka. Bodaboda kumi na kitu zimepangwa kando ya lami. Kijana aliyekuwa akinibeba wiki ile nzima amekaa ubavu juu ya pikipiki, helmeti inaning'inia kwenye usukani, simu yenye ufa kwenye kona iko mkononi. Amenunua bando la shilingi 20. Anafungua Facebook, anauvuta ukurasa chini kwa kidole gumba, anauachilia. Kiduara kinazunguka kidogo, kisha vitu vinaanza kushuka: tangazo la matanga la mtu wa Nyamarambe, bao la timu ya Shabana lililorekodiwa kwa simu kutoka jukwaani, mchongaji wa Tabaka akipiga msasa kiboko cha jiwe la sabuni, pikipiki ya mkono wa pili inayouzwa Kisii mjini, mahubiri.

“Mwalimu, hii simu inanijua,” akaniambia. “Inajua natafuta yangu.”

Pikipiki aliyokuwa ameikalia ilikuwa ya mtu mwingine, na kila jioni alikuwa na hesabu ya kupeleka.

Mwenzake wa pikipiki ya pili alifungua programu ileile dakika ileile. Niliomba nione. Katika vitu kumi vya kwanza, kilichofanana kilikuwa bao la Shabana peke yake, nalo lilikuwa la saba badala ya la pili. Hawa ni vijana wa rika moja, walisoma shule moja, wanaegesha mahali pamoja. Gazeti likifika Ogembo kwa matatu ya asubuhi, nakala zote ni sawa. Egesa FM ikitangaza kwa Ekegusii, lugha ya Abagusii, aliye Nyamache na aliye Keroka wanasikia neno lilelile. Lakini kila mmoja wa vijana hawa ana gazeti lake, limehaririwa kwa ajili yake peke yake, na linahaririwa upya kila anapovuta kidole. Ukurasa huo unaoshuka bila kikomo nitauita mlisho.

Ukimwuliza mtu data ya mitandao ya kijamii ni nini, atakutajia vitu alivyoandika: picha za harusi, salamu, maneno ya hasira ya usiku. Hivyo ni sehemu ndogo ya mzigo. Sehemu nzito ni kumbukumbu ya vitu alivyotazama, pamoja na kazi ya kuiweka kumbukumbu hiyo tayari ili isomwe kabla kiduara hakijamchosha. Nilipolielewa hilo ndipo nilipoelewa pia jambo lililoniuma kwa miaka: kwa nini tangazo la msiba wa mjomba wangu, lililowekwa kwenye mtandao mmoja na binamu yangu siku ileile aliyofariki, lilijitokeza kwenye simu yangu siku nne baada ya kuzikwa.

Tuanze na daftari ambalo Ogembo inalijua vizuri, daftari la majani chai. Mkulima anafika kituoni, mzigo unatundikwa kwenye mizani ya kielektroniki, karani anaingiza namba ya mkulima, risiti inatoka. Kilo zinajumlishwa, malipo ya mwezi yanakuja, na mara moja kwa mwaka inakuja bonasi. KTDA, wakala wa chai ya wakulima wadogo, inahudumia wakulima zaidi ya 600,000, kwa hiyo daftari hilo si dogo. Lakini tabia yake ni ya upole. Kila mstari una mwenyewe mmoja. Unaandikwa mara moja na kusomwa mara chache. Lori likichelewa, kilo hazibadiliki. Hesabu ya bonasi inaweza kufanywa usiku kucha na kurudiwa kesho yake, na hakuna mkulima atakayejua. Mhandisi wa daftari kama hilo analala usingizi.

Mlisho umegeuza kila kitu. Mstari mmoja, tuseme picha ya kiboko cha Tabaka, unaandikwa mara moja na kusomwa na maelfu, kila mmoja kwa mpangilio wake, na wote wanautaka sasa hivi. Mwaka 2013 wahandisi wa Facebook walichapisha maelezo ya hazina yao ya data iitwayo TAO. Walisema inajibu maombi ya kusoma bilioni moja kwa sekunde, na kwamba katika kila maombi 1,000, 998 ni ya kusoma na mawili tu ni ya kuandika. Ni kama sokoni ambako mtu mmoja anauza na mia tano wanauliza bei.

Sasa fikiria habari ya msiba inavyosafiri. Familia ikifiwa, inaweza kumtuma kijana mmoja aende boma kwa boma akibisha hodi. Kazi ni nyingi siku ile ya kutuma, lakini mpokeaji hahangaiki, habari inamkuta nyumbani. Njia ya pili ni kuiacha habari mahali pamoja, kanisani au kwa chifu, na kila mtu apite aulize. Hapo anayetoa habari hana kazi, lakini kila anayepita anaulizia misiba ya ukoo mzima, jamaa mmoja baada ya mwingine: kwa fulani kuna jambo? Na kwa fulani? Mtu mwenye jamaa 400 ana maswali 400, na atayarudia jioni.

Waliounda mlisho walikuta njia hizo mbili mbele yao na wamekuwa wakizichanganya tangu siku hiyo. Takwimu zinazoeleza vizuri zaidi ni za Twitter ya mwaka 2012. Kwa wastani watu waliandika posti 4,600 kwa sekunde, na saa za kilele zilipita 12,000. Kwa mtandao wa dunia nzima huo si mzigo wa kutisha. Waliofungua mlisho wao, hata hivyo, walikuwa 300,000 kila sekunde. Twitter ikaamua kubisha hodi boma kwa boma. Kila mtumiaji aliwekewa kapu lake ndani ya kumbukumbu ya haraka ya mashine, na kila posti mpya ilitumbukizwa kwenye makapu ya wafuasi wote wa mwandishi, mapema, kabla hawajauliza. Posti moja ilifika kwa watu 75 kwa wastani, kwa hiyo zile 4,600 zilizaa maandishi 345,000 kwa sekunde. Kila kapu lilibeba vitu 800, na liliwekwa kwa nakala tatu ili mashine moja ikizimika lisipotee. Asiyeonekana muda mrefu kapu lake lilitupwa, na siku akirudi alisukiwa jipya kwa kuulizia jamaa wote upya.

Njia hii ilikwenda vizuri mpaka ilipokutana na watu kama Lady Gaga. Alikuwa na wafuasi zaidi ya milioni 30. Neno lake moja ni hodi milioni 30, na lengo lilikuwa posti ifike kwa kila mtu ndani ya sekunde tano. Mjumbe akiwa bado njiani kwa nusu ya maboma, mtu wa boma la kwanza ameshajibu, na jibu lake limesambaa kwa njia fupi. Basi kuna waliosoma jibu kabla ya swali. Suluhisho lililopatikana ni lile ambalo ukoo wowote ungelitoa: mtu wa kawaida atumiwe mjumbe, mtu mashuhuri habari yake iachwe mahali pamoja, na yeyote anayefungua mlisho achukue kapu lake na kuliongezea papo hapo maneno ya mashuhuri anaowafuata. Mpaka leo mitandao mikubwa inaishi kwa mchanganyiko wa aina hiyo. Mpaka kati ya mtu wa kawaida na mashuhuri hauna kanuni ya milele, unasogezwa kadiri gharama ya mashine inavyoruhusu.

Kuna jambo ndani ya kapu ambalo ni rahisi kulipita. Kapu halina picha wala maneno. Lina namba tu, namba za posti. Kijana wa Ogembo anapovuta kidole, mashine inachukua namba hizo na kwenda kutafuta kila kitu kinachozijaza: maneno yenyewe, jina la aliyeandika, picha yake ndogo, idadi ya laiki, kama aliyeandika amemblokia anayesoma, kama posti ni ya marafiki pekee. Facebook iliwahi kupima kazi hii. Kufungua ukurasa mmoja kati ya kurasa zake maarufu kulihitaji, kwa wastani, vitu 521 tofauti kutoka kwenye akiba ya karibu, yaani zile mashine zinazoshika nakala za vitu vinavyoulizwa sana ili hazina kuu isivamiwe. Vitu 521 vilivyotawanyika kwenye mamia ya mashine, na mashine moja ikichelewa ukurasa wote unaisubiri. Kitu kinachopendwa sana kikipotea kwenye akiba hiyo, maelfu ya maombi yanakimbilia hazina kuu kwa pamoja kama abiria mvua inapoanza na matatu imebaki moja. Wahandisi walilazimika kubuni utaratibu wa kumpa tikiti mmoja tu akachote, wengine wasubiri kidogo wapewe alichochota.

Halafu kuna kupanga. Siku hizi kapu halishushwi kwa tarehe. Mwezi Machi 2023 Twitter ilifungua sehemu kubwa ya programu zake watu wazisome, na maelezo yaliyoambatana nazo yalikuwa na takwimu ninazozirudia kila ninapofundisha jambo hili. Kutoka kwenye mamia ya mamilioni ya posti, mashine inachuja takriban 1,500 zinazoweza kukufaa, karibu nusu zikiwa za watu usiowafuata kabisa. Kila moja inapewa alama na mtandao wa neva wenye vigezo milioni 48 unaokadiria kama utalaiki, utajibu au utashea. Kazi hiyo ilifanywa mara bilioni tano kwa siku, na kwa wastani ilimalizika chini ya sekunde moja na nusu. Ila kama ungeipa prosesa moja ifanye peke yake, ingechukua sekunde 220. Dakika tatu na sekunde arobaini za hesabu kwa mvuto mmoja wa kidole gumba, zikigawiwa mashine nyingi zifanye sambamba ili mtu asione.

Hapo ndipo kumbukumbu ya kutazama inapoingia, maana mashine haiwezi kukadiria utapenda nini bila historia ya ulivyotenda. Nilimwomba kijana wangu ahesabu. Alikuwa ameposti mara mbili tangu mwezi uanze. Lakini asubuhi ile, kati ya abiria mmoja na mwingine, nilihesabu vitu 112 vilivyopita chini ya kidole chake. Kila kimoja kinaweza kuwa mstari kwenye daftari fulani: nini kilionyeshwa, saa ngapi, nafasi ya ngapi, kidole kilisimama kwa muda gani, aligusa au hakugusa. Alipofika kwenye ile pikipiki ya kuuza alisimama, akaivuta picha ikawa kubwa, akatazama injini, akaendelea. Hakulaiki wala kuandika neno. Kwa mashine, ule ukimya wa sekunde kumi ulikuwa na maneno mengi kuliko posti zake mbili. YouTube ilieleza tangu mwaka 2016 kwamba inakadiria muda utakaotazama video badala ya kama utaibofya tu, kwa sababu kubofya kunadanganya na muda haudanganyi sana.

Kuiandika kumbukumbu hii vizuri ni kugumu kuliko inavyoonekana, na ugumu wenyewe hauko kwenye wingi peke yake. Chukua mama anayeuza ndizi soko la Ogembo. Asubuhi anaamua mkungu auze bei gani kwa anachokijua asubuhi: mizigo iliyofika, hali ya barabara, mnunuzi wa Nairobi kama amekuja. Jioni anajua bei ilivyomalizikia. Ukitaka kujifunza kutokana na uamuzi wake, lazima uandike alichokijua asubuhi. Ukijisahau ukaandika bei ya jioni kana kwamba aliijua mapema, utadhani ana ujuzi wa ajabu, na kesho ukimwiga utapata hasara. Mashine za mlisho huangukia mtego uleule. Posti ilipoonyeshwa ilikuwa na laiki tatu. Wiki moja baadaye, wakati mashine inafundishwa, ina laiki 4,000. Ukiifundisha kwa hizo 4,000, itajifunza kutabiri yaliyopita. Kwa hiyo kila kitu kilichoonyeshwa kinapaswa kupigwa muhuri pamoja na hali yake yote ya dakika ile, na nakala hiyo itunzwe. Ndiyo sababu daftari la kutazama linakua kuliko daftari la kuandika kwa kiasi ambacho akili inakataa.

Na kwa kuwa linakua hivyo, ni lazima kusahau. Mwaka 2022 ByteDance, wenye TikTok, walichapisha muundo wao unaoitwa Monolith. Kila mtu na kila video ana nafasi yake kwenye jedwali kubwa, nafasi ambayo inasasishwa kila wakati, na mabadiliko yanapelekwa kwenye mashine zinazohudumia watu kwa vipindi vya dakika, si siku. Ndiyo maana mtu anatazama video mbili za kupika matoke na ya tatu inakuja kabla hajaweka simu chini. Lakini jedwali hilo lingejaa mara moja kama kila aliyepita angebaki, basi video isiyotazamwa vya kutosha hainyimwi tu watazamaji, haipewi hata nafasi, na aliyekaa kimya muda mrefu anaondolewa.

Kuna usahaulifu mwingine wa makusudi unaonigusa zaidi. Mlisho hautaki kukuonyesha kitu kilekile mara mbili, kwa hiyo unahitaji kukumbuka ulichokwisha kuona. Kuweka orodha kamili kwa kila mtu ni ghali. Njia moja inayotumika sana ilibuniwa na Burton Bloom mwaka 1970, zamani kabla ya mitandao hii. Ni kichujio kidogo sana chenye tabia ya pekee: kikisema hujaiona posti, hakika hujaiona, lakini kikisema umeiona, mara chache kinakosea. Kwa bao la mpira kosa hilo halina uzito. Kwa tangazo la msiba lina uzito, na mwenye simu hatajua kamwe, kwa kuwa hakuna anayeona kilichofichwa.

Sijui kama ndivyo ilivyokuwa kwangu. Ninadhani sababu ilikuwa nyepesi zaidi. Binamu yangu aliandika mistari miwili kwa Ekegusii, bila picha. Laiki zilikuwa chache, maana nani analaiki kifo? Mashine ikalinganisha mistari ile miwili na vitu 1,000 vingine vilivyokuwa na picha na vicheko, ikaviweka hivyo mbele. Baada ya mazishi watu walipandisha picha za kaburi na maua, watu wakaandika pole kwa mamia, na ndipo posti ya kwanza nayo ikapata nguvu ya kupanda juu. Nilikuwa Nairobi, saa sita za gari kutoka nyumbani, na ningefika.

Lugha yenyewe ni sehemu ya hasara ile. Sensa ya mwaka 2019 iliwahesabu Abagusii 2,703,235. Mwaka 2022 Meta, wenye Facebook, ilitoa programu ya kutafsiri lugha 200, nayo ina Kikuyu, Kikamba na Dholuo. Ekegusii haimo. Lugha ambayo mashine haiisomi haiwi kimya ndani ya mlisho. Inaendelea kuandikwa na kusomwa, ila mashine inaipima kwa tabia ya wasomaji peke yake: wangapi walisimama, wangapi walijibu, wangapi walishea. Haina njia nzuri ya kutofautisha pole na tusi. Hapa kwetu hilo si jambo la kinadharia. Mei 2008 watu 11, wengi wao wanawake wazee, walichomwa moto Gusii kwa tuhuma za uchawi, na Oktoba 2021 wanawake wanne wazee wakauawa Marani kwa tuhuma hizohizo. Misiba ile ilitokana na minong'ono ya kijijini. Lakini weka picha ya bibi kizee na mstari mmoja wa Ekegusii unaomtuhumu, halafu uhesabu maoni yatakayomiminika ndani ya saa moja. Kwa mashine inayojua kuhesabu bila kusoma, hiyo ni posti bora ya siku.

Mahakama Kuu ya Nairobi ina kesi mbele yake inayofanana na hofu hii. Profesa Meareg Amare wa Chuo Kikuu cha Bahir Dar, Ethiopia, aliuawa Novemba 2021 baada ya posti za Facebook kumtaja na kumtuhumu. Mwanawe alikuwa ameziripoti. Desemba 2022 alifungua kesi Nairobi, na Aprili 2025 mahakama ikaamua kwamba ina mamlaka ya kuisikiliza. Ndani ya kesi hiyo kuna swali la mhandisi sawasawa na la wakili: posti ikishasukumwa kwenye makapu, inarudishwaje?

Kinachofanyika kwanza ni kile kinachowezeshwa na zile namba. Kwa kuwa kapu lina namba tu, hakuna haja ya kukimbilia kila boma kulitoa neno. Unafuta posti kwenye hazina, na kapu likifunguliwa namba inakosa kitu cha kuijaza, inarukwa. Ni ufundi mzuri. Lakini hazina nayo ina nakala nyingi kwenye miji na mabara tofauti, na hazibadiliki kwa sekunde moja. Cassandra, hazina iliyoundwa ndani ya Facebook na kutolewa kwa umma mwaka 2008, ina njia ambayo mtu wa Gusii ataielewa haraka. Ukifuta kitu, haikitoi. Inaweka juu yake alama, na wahandisi wenyewe wameiita jiwe la kaburi. Jiwe hilo linakaa siku 10 kwa kawaida. Sababu yake ni kwamba mashine moja inaweza kuwa ilizimika wakati wa kufuta. Ikiamka na nakala yake ya zamani na ikakuta wenzake hawana kitu, itadhani wao ndio waliokosa, na itawapa. Kilichofutwa kitafufuka. Jiwe linasimama pale kuwaambia wanaochelewa kurudi kwamba huyu alizikwa.

Picha zina kisa chao. Mwaka 2010 Facebook ilikuwa na picha bilioni 65, na kila moja ilihifadhiwa kwa saizi nne, kwa hiyo hazina yake ilishika bilioni 260. Walisema pia kwamba ndani ya mwaka mmoja karibu robo ya picha hufutwa na wenyewe. Picha iliyofutwa ilipigwa alama tu, na nafasi yake ikachukuliwa baadaye faili lote lilipopangwa upya. Wakati huohuo nakala zake zinaweza kuwa kwenye akiba za karibu, na ndani ya simu za watu walioichukua. Sheria ya Kenya ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, kifungu cha 40, inampa mtu haki ya kutaka data yake ifutwe, na Septemba 2023 Kamishna wa Data aliitoza shule moja ya Uthiru shilingi 4,550,000 kwa kuweka picha za watoto bila idhini ya wazazi. Faini inaweza kufika mahali pake. Ila kile ambacho mashine ilijifunza kutokana na waliotazama picha kimeshayeyuka ndani ya mamilioni ya vigezo, kama chumvi ndani ya mchuzi, na hakuna jiwe la kuweka juu yake.

Umbali nao unadai haki yake. Video inayotazamwa na nusu ya Gusii inaweza kuwekwa nakala Nairobi, ndani ya mitandao ya watoa huduma, isivuke bahari kila mara. Mlisho wa kijana wangu hauwezi, kwa sababu hakuna mwingine duniani anayeuhitaji. Kapu lake linasukwa mbali na kupitia nyaya za baharini. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za EASSy na Seacom zilipokatika, intaneti ilizorota Afrika Mashariki nzima, na kiduara kilizunguka mpaka mtu akaweka simu mfukoni.

Siku yangu ya mwisho Ogembo tulifanya jaribio. Kifungu cha 26 cha sheria ileile kinampa mtu haki ya kuona data yake, na mtandao mmoja anaoutumia una kitufe cha kuomba nakala. Tulikibonyeza saa mbili asubuhi kwenye sayba iliyo karibu na stendi. Akaendelea na kazi. Alinipeleka Tabaka, akarudi, akabeba mizigo ya ndizi, na kila alipopata nafasi alifungua mlisho, nao ulijaa mara moja. Nakala ilifika saa kumi na moja jioni. Vitu vyake havikuwa vimewekwa mahali pamoja popote. Vilibidi vikusanywe kutoka hazina moja hadi nyingine, na hazina hizo zilipangwa zimletee kapu upesi, bila kutarajia kwamba siku moja ataulizia daftari.

Tulifungua faili pamoja. Alipita posti zake kwa haraka, zilikuwa chache. Akafika kwenye orodha ya alivyotazama, ikashuka, ikashuka, tarehe kwa tarehe. Alitafuta mwezi ambao mama yake alilazwa hospitali ya Kisii. Akasoma kimya muda mrefu.

“Huu usiku wote nilikuwa macho,” akasema. “Sikumwambia mtu.”

Nje abiria alikuwa akipiga honi ya pikipiki ya kijana, anataka kufika Nyamache kabla ya mvua.